Nyumba Iliyosukumwa Hadi Mjini

Mjane mmoja, fundi cherehani, alikuwa barazani anageuza kola ya shati la mteja, shemeji yake alipofika na mpima ardhi wakaanza kupigilia vigingi shambani. Shamba lilikuwa kubwa, chini kidogo ya mji mkongwe, na tangu wageni waanze kuja kupiga picha kuta za kale, kila mwenye uwezo alitaka kujenga hoteli hapo.

"Shemeji, ukoo umekaa," yule bwana akasema. "Nyumba aliijenga marehemu kaka, ni yako, hatuna neno. Ardhi ni yetu."

"Nimeilima mimi miaka yote hii."

"Umelima ardhi ya nani? Nyumba ukiiweza, ibebe uende nayo." Akacheka. Mpima ardhi naye akacheka, kwa adabu tu.

Mjane akamaliza kola, akakata uzi kwa meno. Akaepua sufuria ya maharage isije ikamwagika, akajifunga kanga kiunoni, akazunguka nyuma ya nyumba na kuegemeza bega ukutani. Akasukuma. Nyumba ikasogea kiasi cha shubiri. Akapumua, akasukuma tena.

Binti yake alirudi kutoka kazini jioni akaikuta imefika kwenye mipapai.

"Mama, umelifungua bomba la maji kutoka ukutani? Litakatika hilo."

"Lifungue wewe. Mimi nikiiachia itazoea hapa."

Binti akafungua bomba, kisha akaweka bega lake kando ya la mama.

Ikawa mama anashona asubuhi, na wote wawili wanasukuma jua likipoa. Wateja hawakukatika, ila bibi mmoja aliyeleta gauni la kupunguza alinung'unika kwamba siku hizi mlango haujulikani uko wapi. Shemeji naye alikuwa akifuata nyuma, mikono mgongoni, kama msimamizi.

"Shemeji, hapo unakanyaga mahindi ya ukoo."

"Niliyapanda kwa mkono wangu huu."

"Mkono ni wako. Huo hatuudai."

Walipanda mlima hivyo hivyo, mawe yakiwekwa nyuma ya ukuta kila walipopumzika. Kwenye lango la mji mkongwe nyumba haikupita. Afisa wa mambo ya kale akatoka, akaikagua kuanzia bati hadi msingi.

"Mama, bati haliruhusiwi mbele ya ukuta wa kihistoria. Watu wanapiga picha hapa."

"Niiweke wapi, mwanangu?"

"Nyuma ya soko pana nafasi. Ila usizibe mtaro."

Wakaizungusha hadi nyuma ya soko. Fundi bomba akaja kuunganisha maji, akalalamika kwamba mfereji wa jikoni umekaa upande usiofaa, akaunganisha hivyo hivyo.

Shemeji akauza shamba lote, pamoja na ule mraba mweupe palipokuwa na nyumba. Wenye shamba wapya wakaanza kwa kukata michungwa aliyoipanda mjane. Sauti ya shoka ilifika mpaka sokoni.

Mjane akasimamisha cherehani, akajifunga kanga.

"Tunakwenda wapi tena?" binti akauliza.

"Hatuendi. Tunaigeuza."

Wakasukuma kwa pembeni mpaka dirisha la cherehani likatazama shamba moja kwa moja. Mjane akarudi kwenye kiti chake, akapitisha uzi kwenye sindano, akainua macho. Wakata miti walimwona kule juu dirishani. Mmoja wao akampungia mkono kumsalimia, naye akaitikia. Kisha wakaendelea kukata, na yeye akaendelea kushona, akiwatazama.