Wageni wa Chumba cha Simu

Choo cha watumishi kilikuwa kimefungwa tangu alfajiri, kwa kuwa kilisafishwa kwa ajili ya wageni wa ukaguzi, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa msimamizi, Bwana Lesian. Vaileth alibana mapaja mbele ya simu ya dharura, chumba kikinuka rangi mbichi. Siku zote alikesha na kushinda hapo peke yake. Leo viti vyote vilikuwa na watu: wafagiaji na mlinzi wa getini, wamevalishwa sare za kuazima za wapokea simu na kuagizwa wasiguse kitu.

Mambo yalikwisha kupangwa. Wageni wakiingia, karani Lilian angepiga simu kutoka chumba cha pili na kutangaza ajali ya bodaboda Sombetini. Vaileth angepokea upesi, na gari la wagonjwa, hilo moja lililokuwepo, lingetoka likipiga king'ora.

Wageni wakiwa bado koridoni, simu iliita. Alikuwa Aminiel, mkulima wa Kikwe. Mkewe, Eunike, alikuwa amejifungulia nyumbani. Mtoto analia vizuri, lakini damu ya mama haikatiki.

"Weka mkono chini ya kitovu chake, usugue kwa nguvu," Vaileth alimwambia. "Mtoto mweke kwenye ziwa. Usikate simu, kaka."

"Nasugua, dada. Godoro limelowa lote. Gari limeshatoka?"

Mlango ukafunguka. Taa ya laini ya kwanza ikawaka: Lilian. Bwana Lesian aliinama sikioni mwa Vaileth, meno yake yakiwachekea wageni.

"Huyo muweke pembeni. Pokea laini ya kwanza."

"Bosi, mzazi anatokwa damu. Gari liende Kikwe."

"Mkataba wako unaisha Ijumaa, mama. Au umesahau?"

Vaileth akabonyeza laini ya kwanza. Lilian alisoma karatasi yake huku akimeza kicheko, naye Vaileth akarudia kila neno kama alivyofundishwa. King'ora kikalia uani. Wageni walipiga makofi. Mlinzi naye, ndani ya sare yake, akapiga.

Vaileth aliinua redio ili amgeuze dereva. Bwana Lesian aliufunika mkono wake kwa kiganja chenye jasho na kumnong'oneza kwamba gari linazunguka tu barabarani, kisha linarudi kupigwa picha na wageni.

Taa ya laini ya pili, ya Aminiel, ilimetameta, ikametameta, ikazimika. Alipopiga namba ile, ilipokelewa. Aliyesikika ni mtoto tu, akilia.

Skrini ya ukutani iliandika: mpigaji amekata. Chini yake, simu zisizopokelewa: sifuri.

"Mmewezaje?" mgeni mmoja aliuliza, akiitazama hiyo sifuri.

"Nidhamu, mheshimiwa," alijibu Bwana Lesian. Mgeni alipoulizia choo, alimkabidhi ufunguo kwa mikono miwili.

Chini ya kiti cha Vaileth, sakafu iliyong'arishwa ilikuwa imelowa. Mfagiaji mmoja aliiona, akanyanyuka taratibu na sare yake ya kuazima, akaenda kufuata tambara kabla wageni hawajageuka.