Pua ya Teklė Ndani ya Kioo

Kitendawili hiki nilitegwa kwa barua: ndugu wawili wa tumbo moja wamejenga upande huu na huu wa kilima, wanaiona dunia nzima ila hawajawahi kuonana. Jibu nililijua kabla sijaikunja barua. Lakini sikumjibu aliyenitega, maana alikuwa mdogo wangu Zenonas, na huo ulikuwa mwaka wa tisa nimemnunia.

Zenonas huchonga vinyago vya kuvaa usoni kule kwetu Žemaitija, ng'ambo ya bahari, vile vya sikukuu ya kuifukuza baridi kabla ya Kwaresima. Mwaka niliotoka Chicago kwenda kumsalimia, nilikuta kijiji kizima kinamkimbiza mchawi wa uso wa mbao, na watoto wanapiga kelele: "Teklė! Teklė!" Jina langu hilo! Nikatazama. Pua ilikuwa yangu, pamoja na chunjua yake. Nikafunga begi, nikarudi Chicago bila kuaga.

Sasa jumba moja la makumbusho hapa Chicago likatangaza maonyesho ya vinyago vyake, na kwamba mwenyewe atakuwepo. Nikaapa: atasimama mbele za watu aniombe radhi, la sivyo tuzikane bila kusemezana. Nikamchukua jirani yangu Domicėlė, kwa sababu sipendi kugombana bila shahidi.

Tulifika mlango ndio kwanza unafunguliwa. Ukutani palikuwa na picha ya Zenonas, na chini yake, mezani, chombo cha maua meupe. Domicėlė akasimama ghafla.

"Teklė, hebu hesabu maua haya."

"Nimekuja kugombana mimi, sikuja kuhesabu maua."

"Hesabu, mwanamke!"

Nikahesabu. Sita. Nikaanza upya kutoka upande wa pili. Sita vilevile.

Sisi mtu aliye hai hatumpi maua ya jozi hata kwa bahati mbaya. Unampa moja, matatu, au matano. Ya jozi ni ya jeneza, na hilo hata mtoto anayejifunza kutembea analijua.

"Labda moja limeanguka," nikasema.

Domicėlė akapiga magoti, akachungulia chini ya meza. "Hamna kitu." Akainuka ameshika kiuno, akasoma ukutani. "Wameandika mwaka wa kuzaliwa, halafu mstari, halafu patupu. Maskini! Itakuwa juzi tu. Hata mwaka wa kufa hawajapata muda wa kuuandika."

Katikati ya ukumbi, ndani ya sanduku la kioo, yule mchawi alikuwa akinitazama. Nikalikumbatia lile sanduku.

"Zenonas wangu! Barua yako nililala nayo chini ya mto! Nisamehe, mdogo wangu! Na kile kisu chako cha kwanza cha kuchongea hakikupotea. Mimi nilikitupa kisimani, kwa sababu ulimchonga paka wangu bila mkia! Na pua ni yangu, sikatai. Umeipatia!"

Domicėlė akaanzisha wimbo wa mazishi. Askari wa jumba akaja mbio. Mara nikasikia nyuma yangu, kwa lafudhi ya kwetu:

"Kumbe kilikuwa kisimani! Na mimi miaka sitini namsingizia Rapolas, mtoto wa jirani."

Nikageuka. Zenonas mzima, kikombe cha kahawa mkononi. Domicėlė akafanya ishara ya msalaba mara mbili.

"Wewe si umekufa?"

"Nani kasema?"

"Maua!"

Zenonas akayaendea, akahesabu kwa kidole. Akabadilika rangi. Akaweka kikombe chini, akajishika kifua kusikiliza kama bado moyo unapiga.

Nikachomoa ua moja. "Matano. Haya, sasa ishi."

"Mama, tafadhali usiguse!" askari akasema.

Nikamchapa Zenonas nalo begani, mara tatu.

"Hizo za nini, dada?"

"Za mchawi."

"Si umesema nimeipatia?"

"Nilikuwa nasema na marehemu. Wewe uliye hai hujaomba radhi."

Akavua kofia. "Nisamehe, dada. Umekaa huku miaka mingi mno, sura yako ikaanza kunitoka. Nilikuwa nakaa na gogo la mti nakukumbuka, inakuja pua tu. Ningefanyaje?"

Nilitaka kumchapa tena, mkono ukakataa. Nikampa lile ua, nikampa na kitambaa changu, maana alikuwa analia kuliko mimi.

"Na kitendawili changu?" akauliza, akipenga kamasi.

"Macho."

"Na kilima?" Jicho lake likaponyoka kuelekea kwenye lile sanduku la kioo.

"Kilima," nikamwambia, "kimewekewa kioo na askari wa kukilinda. Kiheshimu. Haya twende nje, nina mkate mweusi mkobani, na Domicėlė akikosa chakula ataimba tena."