Tano kwa Kila Swali

Bochaberi alikuwa amechoka hadi kope. Tangu kiharusi kimwangushe baba mkwe wake, mzee Angwenyi, kitanda kilihamishiwa sebuleni na nyumba nzima ikageuka wodi. Kumpikia uji, kumlisha, kumgeuza, kufua mashuka, yote hayo aliyamudu. Moja tu lilimshinda. Kwao Wakisii mke wa mwana haoni uchi wa baba mkwe, na mumewe Osoro alikuwa dereva wa lori la miwa hapo Awendo, akifika nyumbani anapofika. Ndiyo maana Linet, msimamizi wa wagonjwa wazee, aliwatafutia Nashon, mwanamume wa kuja kumwogesha mzee. Bochaberi angeweza kukosa chumvi, lakini si Nashon.

Siku moja akaja binti mgeni, Dolphine, na tableti mkononi. Alitumwa na ofisi ya kina Linet kuuliza kama watu wanaouguza wazee wao wameridhika na huduma.

"Mama, tunaweza kukaa tu hapa nje," alisema.

Mgeni aachwe uani kama muuza mitumba? Bochaberi akamwingiza ndani, akamketisha karibu na kitanda. Mdomo wa mzee ulikuwa umekufa, lakini masikio yalikuwa mazima kabisa.

Maswali yakaanza, kila jibu kwa maksi, moja hadi tano. Linet anakuja kwa wakati? Tano. Anakusikiliza? Tano. Bochaberi hakuwa mtu wa kumnyima mwenzake maksi.

"Na wewe mwenyewe, unaweza kumfanyia mzee kila kitu bila kusaidiwa, hata kumwogesha? Moja ni hapana kabisa, tano ni naweza sana."

Aliyetunga swali hilo huenda hakuwahi kuwa na baba mkwe. Bochaberi alitupa jicho kitandani, akakuta mzee anamtazama. Angesemaje hawezi? Kuutaja mwili wa mzee mbele ya mgeni, naye mwenyewe anasikia, ilikuwa aibu ileile.

"Sisi tuko sawa," akasema haraka. "Weka tano."

"Uko fiti, mama!" Dolphine akabonyeza.

Wiki iliyofuata Nashon hakuonekana. Bochaberi akampigia Linet simu.

"Ripoti inasema sasa mnajiweza," Linet alijibu, naye sauti yake imechoka. "Nashon tumempeleka Uriri, kwa watu wenye walisema wamelemewa. Si ulisema mwenyewe, mama?"

"Nilisema. Lakini ningesema nini na mzee ananisikia?"

"Woi, pole. Nitaomba arudishwe, lakini itachukua muda."

Muda! Godoro lilikuwa limeshalowa. Osoro hakushika simu, na jirani mwanamume ambaye angemsaidia alikuwa ameenda Migori. Bochaberi alilia jikoni, kwa hasira kuliko huzuni, kisha akachemsha maji na kuyapoza. Aliingia sebuleni ameinamisha uso.

"Tata, nisamehe," akasema, akimwita baba kwa Kikisii.

Mzee akalishika blanketi kwa mkono wake mmoja uliobaki na nguvu, akajifunika uso, na Bochaberi akaanza kumwogesha.