Stanislaus wa Japani

Kama ulikulia Ifakara enzi zile mto ulipovukwa kwa pantoni, na hukuwahi kuingia banda la video la mzee Nickolaus pale Kibaoni, basi pole. Wewe ulirefuka tu, hukukua.

Banda lenyewe lilikuwa la mabati, viti vyake mbao juu ya matofali, na joto lake ungeanikia mpunga. Lakini mbele, pembeni ya televisheni, alikaa mzee Nickolaus mwenyewe na kipaza sauti alichokivisha leso, akitafsiri. Mabanda mengine yalitafsiri Kihindi na Kichina. Nickolaus alitafsiri Kijapani, peke yake mji mzima, kwa sababu aliwahi kukaa Moshi miaka miwili na Wajapani wa mradi wa mpunga. Alikaa nao akifanya nini, hakuna aliyeuliza.

Katuni iliyojaza banda hadi watu wakachungulia kwenye matundu ya misumari iliitwa Ngao Tisa. Ilikuwa ya vijana tisa waliovaa ngao za miungu ya kale ya Japani, ngao ya radi, ya mwezi, ya upepo, na nyingine ambazo hata Nickolaus alikuwa akizisahau. Kinara wao alikuwa na nywele ndefu za rangi ya fedha, na kwa tafsiri ya Nickolaus aliitwa Stanislaus. Mungu jike wa jua alikuwa amenuna akajifungia pangoni. Pango hilo, alisema Nickolaus, liko juu ya maporomoko ya Sanje, ndiyo maana masika yetu hayaishi. Joka la vichwa vinane lililala chini ya mto Kilombero, na viboko walikuwa wajukuu zake. Adui mkuu, zee la ndevu lililomsaka Stanislaus mchana na usiku, aliliita Mtendaji, kama yule wa kata. Kila likitokea watoto walizomea. Wazazi wao walizomea zaidi.

Beno, mtoto wa dada yake Nickolaus, aliyaamini yote. Alikuwa na miaka tisa. Sehemu ya mwisho tu ndiyo hakuiona, kwa sababu diski ilikuwa na mkwaruzo: Stanislaus aliinua upanga, picha ikaganda, na moyoni mwa Beno upanga ule ulibaki juu miaka kumi na tisa.

Hadi Alhamisi moja, Careen alipoingia kwenye mashine ya kukoboa mpunga alikofanya kazi Beno, na kompyuta kwenye mkoba.

Careen alikuwa mwalimu wa sekondari Morogoro, amekuja likizo, na ndiye sababu ya Beno kuoga mara mbili kwa siku katika kazi ile ya vumbi la pumba. Jumapili ya wiki hiyohiyo barua ya posa ilikuwa ipelekwe kwao, na mshenga alikuwa mzee Nickolaus. Nani mwingine? Mdomo kama ule ukoo mwingine ungeukodi.

"Nimeipata Ngao Tisa," Careen alisema. "Yote. Ina maandishi ya tafsiri chini, ya Kiingereza."

Beno alizima mashine. Wateja wawili walilalamika, akawaambia mkanda umepata moto. Wakakaa juu ya magunia, kompyuta magotini, na muziki wa mwanzo ulipolia Beno akahisi kabisa harufu ya moshi wa jenereta.

Dakika ya kumi na moja zee la ndevu lilitokea. Beno akaanza kuzomea kwa mazoea. Zee likaangua kilio, na maandishi chini yakasema: Rudi nyumbani, binti yangu.

"Anamwambia nani?" Beno aliuliza.

"Hapo yuko mtu mmoja tu."

Wakarudisha nyuma. Wakarudisha tena. Stanislaus alikuwa msichana. Mtendaji alikuwa baba yake mzazi, na katika sehemu ile aliyosema Nickolaus kuwa anadai michango ya madawati, maskini ya Mungu alikuwa anaomba msamaha.

Careen alicheka hadi akashuka kwenye gunia. Kisha akanyamaza ghafla, kama mtu aliyekumbuka ameacha maharage motoni.

"Beno. Baba ameshajua ninayo. Amesema Jumapili mkija, kabla ya barua, tuiangalie wote. Na miwani anayo."

Baba yake Careen, mwalimu Evarist, alifundisha hesabu shule ya msingi miaka thelathini na nne na alistaafu bila kustaafu. Enzi zile alikuwa akija bandani na fimbo kumfuata Careen, akifika mlangoni anasema "dakika moja", na anaondoka sehemu ikiisha. Kuhusu washenga alikuwa na msimamo wake. Mwaka juzi alikuja mshenga mmoja akasema kijana wao ana trekta. Mwalimu akaomba kuliona. Trekta likakutwa ni la jirani, tena jirani alikuwa analitafuta. Barua ilirudi na bahasha yake. "Mshenga ni mdomo wa ukoo," alisema. "Ukinuka, sihitaji kukagua tumbo."

Jioni hiyo Beno alimkuta mjomba wake akinyoosha shati la Jumapili, siku tatu kabla.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, baba. Nimeshapata maneno ya kufungulia. Watalia."

"Mjomba, Kijapani unakijua?"

Pasi ilisimama. "Kipi?"

"Kwani viko vingapi?"

"Kuna cha Tokyo na kuna cha Moshi."

"Stanislaus ni msichana, mjomba."

Nickolaus aliiweka pasi pembeni, akakaa kitandani, akafikiri kwa muda wa heshima. "Nilikuwa na wasiwasi," alisema. "Kile kiuno kilinitatiza tangu sehemu ya nne."

Wakatafuta njia. Nickolaus alipendekeza augue. Beno akasema mshenga akiugua siku ya barua ni mkosi, watasema mizimu imekataa. Nickolaus akapendekeza umeme ukatike. Beno akasema hiyo ni kazi ya Mungu, nasi tumwachie. Kumbadilisha mshenga haikuwezekana, jina lake lilishatangulia. Beno alirudi kwake bila njia yoyote, na ukweli ni kwamba si Kijapani tu kilichomsumbua. Kulikuwa na jambo jingine dogo. Nyumbani kwa akina Careen walimwita "mwenye mashine". Mashine ilikuwa ya tajiri mmoja wa Mchombe. Beno alikuwa mwendeshaji. Hakuwahi kusema ni yake. Aliwahi tu kutokusema si yake, tena mara nyingi.

Jumapili, baada ya misa ya pili, mwalimu Evarist aliwapokea kwa wali na kitoga wa nazi. Samaki alikuwa mtamu, na Beno hakumwonja. Alimsukuma huku na huku kwenye sahani kama anayetafuta sindano. Umeme ulikuwepo, tena wa nguvu ambao haujaonekana tangu Pasaka. Mwalimu akavaa miwani, akafungua daftari, akatoa kalamu nyekundu.

"Mwalimu unaandika nini?" Nickolaus aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mazoea tu. Endeleeni."

Careen akachomeka flashi kwenye televisheni, muziki ukalia. Mwalimu alisoma maandishi akitembeza midomo. Mkewe, mama Digna, alikuwa akifuma pembeni. Dakika ya tano kalamu nyekundu iliandika kitu. Dakika ya nane ikaandika viwili. Dakika ya kumi na moja zee la ndevu likaangua kilio, na mwalimu akaomba picha isimamishwe.

"Mzee Nickolaus. Huyu mwenye nywele ni nani?"

"Ni... Stanislaus, mwalimu."

"Maandishi yanasema ni binti wa huyu mzee."

Beno alimtazama mjomba wake na kumwona akivuta pumzi, ile pumzi aliyoifahamu tangu utotoni, ya mtu anayetaka kuvusha pantoni kwa mdomo. Akafumba macho. Trekta la jirani lilipita kichwani mwake taratibu, likipiga honi.

"Mwalimu," Nickolaus alisema, "Kijapani sikijui."

Beno akafumbua.

"Kule Moshi nilikuwa naosha magari yao. Najua kusalimia na kuomba maji. Siku ya kwanza ya katuni hii mvua ilinyesha, banda likajaa watoto waliolowa, na diski haikuwa na tafsiri yoyote. Wakaniuliza, anasema nini? Nikaona nikisema sijui, watarudi mvuani. Nikasema anaitwa Stanislaus. Baada ya hapo, mwalimu, kurudi nyuma kukawa kugumu."

Mwalimu alivua miwani. "Kwa hiyo siku aliyovuka mto kwa mtumbwi, akiwa na mkono mmoja mzima, kumpelekea mama yake dawa Mahenge?"

"Nilitunga."

"Siku hiyo nililia."

"Uliniambia ni moshi wa jenereta," alisema mama Digna bila kuinua macho.

"Ulikuwepo pia moshi." Mwalimu alilifunga daftari, akalifungua, akalifunga tena. "Nimekuuliza swali moja, ukajibu na mengine sijauliza. Yule wa trekta hadi leo anasema ni letu sote. Lakini kosa ni kosa, na mshenga mwenye kosa hutozwa faini kabla barua haijapokewa. Careen, weka sehemu ya mwisho."

"Baba, si tumeanza tu?"

"Namdai huyu mzee deni la miaka kumi na tisa. Ataitafsiri. Kwa Kiswahili chake."

"Mwalimu, ile sijawahi kuiona," Nickolaus alisema.

"Na zile nyingine ulikuwa umeziona?"

Tatizo likabaki maandishi. Careen alibonyeza rimoti yote, hayakuondoka; yalikuwa yamegandishwa kwenye picha. Ndipo mama Digna aliposimama, akakishika kile kitambaa alichokifuma mwenyewe, kinachoifunika televisheni juu siku zote, akakishusha chini na kukibana kwa vibanio vya nguo. Maandishi yakapotea nyuma ya maua ya pinki.

Nickolaus hakuwa na kipaza sauti. Alichukua mwiko mezani, akauvisha leso.

Upanga ulikuwa bado juu, palepale diski ilipoganda. Beno alishtuka kuuona ukishuka, na chozi likamtoka bila jenereta yoyote.

"Sasa basi," sauti ilitoka, ileile ya bandani, nzito na yenye vumbi, "ikumbukwe Stanislaus alikuwa binti tangu mwanzo, siri ambayo mtafsiri aliapishwa asiitoe mpaka leo." Mwalimu akaguna. "Mtendaji amelijua kosa lake, michango ya madawati amerudisha. Na Stanislaus, akiwa ameliacha joka limelala, anaingia kwa mfalme mkuu. Anapiga goti. Mnamwona? Anatoa karatasi."

Kweli kwenye picha yule mwenye nywele za fedha alipiga goti mbele ya mzee aliyekaa kwenye kiti kirefu, akamnyooshea karatasi iliyoviringwa. Midomo yake ikaanza kucheza. Nickolaus akausogeza mwiko karibu na mdomo.

"Anasema: Mzee, hodi. Nimetumwa. Kijana wetu amepita kwenu, ameona mwanga dirishani, sasa kwao anajikwaa. Mfalme anauliza, kijana mwenyewe ana nini?"

Beno alikaa wima.

"Anajibu: Mzee, wanamwita mwenye mashine. Mashine si yake. Ni ya tajiri wa Mchombe. Ya kwake ni masikio, maana ikiugua anajua kwa sauti kabla haijazima, na mkulima akileta gunia usiku wa manane anaamka. Ekari mbili za mpunga anazo, Namawala, za baba yake. Ana haya ya kipumbavu inayomfanya anyamaze mahali pa kusema. Na anakoroma."

Masikio ya Beno yaliwaka. Hakuthubutu kumtazama Careen, akamtazama mwalimu, na mwalimu hakuwa anaangalia televisheni tena.

"Mfalme anauliza," alisema mwalimu Evarist polepole, "mashine si yake, mbona hakusema?"

Nickolaus aliushusha mwiko, akamnyooshea Beno.

Beno aliupokea. Leso ilikuwa imelowa jasho. "Niliogopa," alisema ndani ya mwiko, "barua isije ikarudi na bahasha yake."

"Na mfalme anauliza," akaendelea mwalimu, "kijana anajua kwamba binti huyu hawezi kupika ugali bila madonge?"

"Baba."

"Ninyamaze tena? Huyu mwenzio ndiyo kwanza katoka kusema."

"Anajua," Beno alisema. "Ameshaula."

Mama Digna alicheka, sindano ya kufumia ikamtoka mkononi. Wakati huohuo, kwenye picha, mfalme alisimama kwa hasira, akachomoa upanga, akamwelekezea Stanislaus kifuani. Mjomba akaunyakua mwiko mkononi mwa Beno.

"Na mfalme kwa furaha anamkabidhi upanga," alisema haraka, "jambo ambalo kwao Japani maana yake barua ipokewe."

"Ipokewe isomwe," alisema mwalimu. "Sijasema lingine."

"Ndivyo anavyosema mfalme."

Bahasha ikatoka mfukoni, imenyooshwa kwa pasi nayo, ikapita kwa mikono miwili. Mwalimu alivaa miwani, akaifungua palepale. Alisoma mstari wa kwanza, akatikisa kichwa kama aliyekutana na mwanafunzi wake wa zamani, akaichukua kalamu nyekundu. Mama Digna alimwambia mzee Nickolaus asogee mezani, kitoga bado yupo, na Jumapili ijayo aje mapema, zipo sehemu nyingine ishirini na tano ambazo yeye alikuwa akizikosa kwa sababu ya kupika.

Beno alisogea taratibu karibu na televisheni. Stanislaus alikuwa bado anazungumza, upanga kifuani, na nyuma ya maua ya pinki herufi nyeupe zilipita zikiwaka. Akashika ncha ya kitambaa ainue kidogo tu.

Careen akampiga kofi mkononi.

"Achana nayo," alinong'ona. "Kaa uangalie. Na samaki wako utamla lini?"

Beno akarudi kwenye kochi na sahani yake, akaanza kula.