Klaviye ya Shangazi Perpétue

Mahari ya Bénédicte, mutoto wa kaka yangu, tuliijadili kwa WhatsApp, maana njia ya Masisi ilikuwa imefungwa. Muzee Sibomana, mjomba wa bwana-harusi, ana vidole vyepesi vya kuandika: kabla sijamaliza neno moja, amekwisha punguza ng'ombe mmoja.

Nikachoka. Nikachomoa klaviye, ule ubao wa herufi, ya ordinatere yetu, kompyuta ya zamani iliyokufa, nikaiunganisha na telefone kwa kakamba kafupi ka OTG. Mimi nilikuwa sekretere miaka mingi, bwana! Akiandika "hapana", mimi nimekwisha tuma sababu zangu zote. Ng'ombe wakarudi wote, na ndama wa nyongeza.

"Mama Perpétue, unaandika na nini?"

Nikamutumia foto. Akauliza klaviye kama hiyo inauzwa wapi.

"Ng'ombe wakishafika, Muzee, nitakuonyesha duka."