Kreti za Ndiyo kutoka Lukwambe

Usiku wa jana niliota nimekaa Bungeni kwenye viti vya wageni, nimevaa kandambili na shati langu la kanisani, kaunta buku nimelipakata. Hakuna aliyeshangaa kuniona. Hata mimi sikushangaa.

Nieleze kwanza habari za lile buku, maana bila hilo ndoto yangu ni upuuzi mtupu. Mimi ni Gervas Nditi, katibu wa wakulima wa mpunga wa bonde la Lukwambe. Kwa miaka minne, kila mbunge wetu, Mheshimiwa Optati Nyakunga, anapopewa nafasi ya kuzungumza, mimi hukaa na redio nikaandika. Siongezi neno, sipunguzi. Majirani ndio walionituma, kwa sababu Mheshimiwa akija kijijini hudai kwamba alisema, na sisi hatukuwa na mtu wa kumwambia hukusema.

Buku lina kurasa mia mbili, na mpaka sasa limejaa shukrani. Humshukuru Mwenyezi Mungu, humshukuru Spika, humpongeza Waziri, humpongeza Naibu Waziri kwa kazi nzuri ya kumsaidia Waziri, humshukuru mkewe kwa kumvumilia, halafu kengele inalia. Nimeandika mpaka kidole kimeota sugu, na bado sijui mtu huyu anataka nini hapa duniani zaidi ya kushukuru.

Wiki iliyopita uliletwa muswada wa mipaka ya hifadhi. Ukitekelezwa, bonde letu lote linaingia hifadhini na sisi tunapelekwa mlimani kulima mawe. Mheshimiwa alisimama akaupinga mpaka redio ikatetemeka, kisha akamalizia: "Baada ya kusema hayo, naunga mkono hoja mia kwa mia." Kura zikapigwa kwa sauti, na redioni nikasikia mngurumo tu. Muswada ukapita. Leo asubuhi anakuja kutuambia alivyotupigania, na mimi nimeagizwa nisimame mbele ya watu niseme kama alisema ndiyo au alisema siyo. Nikikosea, nimemzulia mtu mzima. Nikinyamaza, bonde limekwenda. Hilo ndilo nililolala nalo.

Basi nimekaa. Askari wa Bunge ananijia na mizani ya dukani, anaweka buku langu juu yake.

"Nusu kilo," anasema. "Ukweli ni kiasi gani humu?"

"Sijaupima."

"Zaidi ya robo hauruhusiwi ukumbini." Anachana karatasi kadhaa, anazikunja vizuri, ananirudishia buku na kunitakia usikivu mwema.

Kwenye kiti cha enzi, Spika ni feni, ile ya kusimama inayogeuza shingo. Inageuka kulia, inageuka kushoto, inamtazama kila mtu, lakini upepo inatoa upande mmoja tu. Wa upande wa pili wanajipepea kwa karatasi za ratiba.

"Mheshimiwa Nyakunga," inasema feni, "dakika kumi."

Anasimama, anafunga kifungo cha koti. "Mheshimiwa Spika, awali ya yote..." Na kila anayemshukuru anaingia kwa mlango mkuu na kutafuta kiti. Anaingia mkewe. Anaingia mama mkwe. Anaingia daktari aliyemng'oa jino, na jino lenyewe kwenye bahasha. Inaingia kwaya nzima ya parokia pamoja na kinanda. Wabunge wanasogea, wanabanana. Mmoja anampakata mpiga kinanda na kuendelea kusinzia.

"Hiyo ni kengele ya kwanza," inasema kengele yenyewe, kwa sauti ya mwanamke aliyetoka zamu. "Miaka minne namlilia huyu baba. Sijawahi kumsikia akifika katikati."

Imebaki nusu dakika. Mheshimiwa anapiga kifua. "Wananchi wangu wa Lukwambe wataenda wapi?" Machozi yanamtoka. Mhudumu anapita haraka na glasi, anayakinga, anaifunika glasi kwa kisahani na kuiweka kando, yatumike tena kikao kijacho.

Hoja imelazwa mezani katikati ya ukumbi. Ni ndefu, imevaa suti ya kijivu, na ina mikono mia mbili na kumi, maana kila anayeiunga mkono huishonea mmoja. Mheshimiwa anafuta macho, anatoa sindano na uzi mfukoni, anashona wa mia mbili na kumi na moja. Anashona vizuri, kwa mkono mwepesi. Fundi cherehani wetu wa Lukwambe hamfikii.

"Wanaoafiki waseme ndiyo," inasema feni.

Nimeinuka kitini. Namtazama mdomo. Haufunguki. Anainamia begi lake chini ya meza, anavuta zipu, na humo unatoka mngurumo wa watu mia nne. Kinanda kinaanguka.

"Wasioafiki waseme siyo."

Mtu mmoja anakohoa, kisha anaomba radhi.

"Nafikiri walioafiki wameshinda," inasema feni, na inageukia upande mwingine kabla haijamaliza kufikiri.

Wote wanapiga meza kwa furaha. Nasikia mtu akilalamika karibu na magoti yangu. Ni meza.

"Miaka kumi na minne napigwa," inasema, "na sijaambiwa kosa langu. Wewe ndiye unayeandika?"

"Ndimi."

"Andika na hilo. Halafu kama unatafuta sauti ya yule bwana, pita hapa chini yangu. Huko ndiko zinakowekwa."

Napiga magoti, napita chini ya meza, nakuta nimesimama kwenye ghala la soda. Nje ni mchana mkali. Kreti zimepangwa mpaka darini, na kwenye stuli amekaa mtunza ghala. Ni kitabu kinene chenye miwani, kimeandikwa mgongoni Taarifa Rasmi za Bunge. Kikitaka kusema kinajifunua chenyewe.

"Karibu, mgeni kutoka Lukwambe. Makofi," kinasema, na hakuna anayepiga makofi.

"Nashukuru. Naomba kuangalia kura za Mheshimiwa Optati Nyakunga."

Kinajipekua kurasa. "Hotuba tisini na moja. Shukrani, elfu mbili na mia tatu. Siyo, hakuna. Ndiyo, kreti zile kumi na nane ukutani."

Nikafurahi. Nasema kweli, nilifurahi kwa ubaya kabisa. Nilimwona kesho yake mbele ya watu, jasho likimtoka, na mimi namsomea. Debe tupu, nikasema moyoni, leo umepatikana. Nikachukua chupa moja nikafungua kizibo kwa meno.

"Ndiyoooo!" ilisema chupa, kwa sauti ya Mama Sikudhani, jirani yangu.

Nikafungua ya pili. "Ndiyoooo!" Huyo alikuwa mzee Kapungu wa kinu cha kukoboa mpunga. Ya tatu ilikuwa ya mwalimu mkuu. Ya nne niliitambua kabla haijamaliza, kwa kile kikohozi kidogo cha mbele.

Ilikuwa yangu.

"Kuna makosa," nikakiambia kitabu. "Hizi ni zetu."

"Kicheko," kilisema kitabu, bila kucheka. "Mheshimiwa hana ndiyo yake. Hajawahi kuleta hata moja. Hizi amezichukua kwenu, uwanja wa shule, mwezi wa saba. Nisome?"

"Soma."

"Aliuliza: Mnanionaje, nimenenepa? Wananchi: Ndiyoooo. Aliuliza: Tuko pamoja? Wananchi: Ndiyoooo. Aliuliza: Nikafanye kama nitakavyoona inafaa? Wananchi: Ndiyoooo. Hapo mwandishi wa wananchi, Gervas Nditi, alirukaruka."

Nikakaa chini kwenye sakafu ya saruji. Nilikumbuka siku ile. Walitugawia kofia. Jua lilikuwa kali, ngoma zilikuwa zinapigwa, yeye anauliza na sisi tunajibu, anauliza na sisi tunajibu, na swali la mwisho hatukulisikiliza, maana mdomo ulishazoea. Nina kurasa mia mbili za maneno yake. Maneno yangu sikuandika hata mstari. Nyani haoni kundule. Dharau yote niliyokuwa nimemwekea yule bwana ikanigeukia, nikajiona mjinga mwenye kalamu.

"Nipe nirudi nazo," nikasema.

"Hakuna haja. Zikishatumika zinarudi kwa wenyewe kila alfajiri, kama chupa za soda. Zinajazwa upya. Humo zimo naam na ee pia, ni ukoo mmoja." Kitabu kilishusha miwani. "Na leo zinahitajika mapema. Kifungu cha tisa kinasema mpaka wa hifadhi hausogei hadi wananchi waridhie wenyewe, kwa sauti, mkutanoni. Saa tatu asubuhi anakuja kuchukua za kifungu cha tisa."

"Kwa hiyo bado halijaenda? Bonde letu?"

"Bado. Limebakiza ndiyo moja ya pamoja."

Mlango wa ghala unafunguka. Anaingia Mheshimiwa Nyakunga, begi mkononi, tabasamu limemtangulia hatua mbili.

"Mzee wangu Gervas! Shikamoo, baba."

"Marahaba," nikasema. Malezi ni malezi hata ndotoni.

"Nasikia unaniandika. Safi sana, mzee wangu. Uliandika nilivyolia?"

"Niliandika. Niliandika na ulivyounga mkono."

"Ah, ile ni desturi ya kumalizia tu. Hata barua si unaandika wako mtiifu? Wewe ni mtiifu wa nani?" Akacheka, akaniwekea mkono begani. "Moyoni nilisema siyo."

"Moyoni hakuna kipaza sauti, Mheshimiwa."

"Mzee una maneno wewe!" Mkono ukakaza kidogo. "Sikiliza. Asubuhi hii nitauliza swali dogo tu, la kawaida. Kuna kofia mpya, nzuri kuliko zile. Sisi si ni ndugu? Mzee wangu, tuko pamojaaa?"

Jibu likapanda lenyewe kutoka tumboni, bila ruhusa yangu, likafika nyuma ya meno. Nikauma kola ya shati. Niliiuma mpaka nikasikia ladha ya sabuni. Mheshimiwa alisubiri, uso umekunjuka, kichwa amekiinamisha upande, kama mtu anayesubiri chenji.

Jibu likarudi chini.

Nje, honi inalia. Lori la kurudisha kreti limefika. Dereva anaingia na karatasi kwenye ubao. "Lukwambe, kreti kumi na nane, zilizotumika, zirudi kwa wenyewe. Nani anasaini?"

"Yeye," anasema Mheshimiwa, akinionyesha. "Huyu ndiye katibu wao. Mtu makini sana."

Dereva ananipa kalamu. Natazama kreti. Natazama mahali pa kusaini. Miaka minne nimekuwa hodari wa kuandika, na sasa nauona ubaya wake.

"Sisaini," nikasema.

"Zitabaki hapa basi," anasema dereva. "Watu wako wataamka bila."

"Wataamka bila."

"Mzee wangu," anasema Mheshimiwa, na sasa tabasamu limebaki mdomoni peke yake, macho yameshaondoka, "mtu hawezi kuishi bila ndiyo. Mkeo akikuita? Mwanao akikuomba?"

"Watatuvumilia. Wewe tumekuvumilia muda mrefu bila siyo."

Nikapanda juu ya kreti, nikakaa. Ziliniumiza makalio, nakiri. Mheshimiwa anavuta mguu wangu wa kushoto, dereva anavuta wa kulia, kandambili zinachomoka, na kitabu kimejifunua ukurasa mpya kinaandika kwa sauti: "Hapa mwananchi alikaa. Makofi." Safari hii nikasikia makofi kweli, ya meza kutoka juu, inajipiga yenyewe. Kisha kengele ikasema kwa uchovu, "Muda wako umekwisha, baba," na nikafumbua macho.

Kumekucha. Mwanga umeingia dirishani, na jikoni naisikia sauti ya sufuria. Mke wangu ananiita kutoka huko.

"Baba Filomena, umeamka?"

Nikafungua mdomo kumjibu. Midomo ilijikunja vizuri, ulimi ukapanda mahali pake, na hakuna kilichotoka. Nikajaribu tena. Nikajaribu ee. Nikajaribu naam. Upepo mtupu.

"Nimeamka," nikasema, na hilo lilitoka safi.

Nikaketi kitandani. Mafua, nikajiambia. Nikamuuliza, "Mama Filomena, chai iko tayari?"

Akatokea mlangoni na mwiko mkononi. Akafungua mdomo, akaufunga. Akajishika koo, akanikodolea macho, akatikisa kichwa kukubali.

Hapo vipaza sauti vikawashwa uwanja wa shule. Vilipiga mluzi, vikakwaruza, kisha sauti ya Mheshimiwa mwenyewe, mapema kuliko ilivyotangazwa, ikajaa kijiji kizima.

"Wananchi wangu wa Lukwambeee! Tuko pamojaaa?"

Tulisikiliza, mimi na mke wangu. Tulijua uwanja ulikuwa umeshajaa, tulisikia ngoma zikinyamaza ili watu wajibu.

"Nasema, tuko pamojaaa?"

Kimya. Kuku wa Mama Sikudhani alipita nyuma ya nyumba akipekua majani, na hatua zake zilisikika. Halafu Mheshimiwa akasogeza mdomo mbali na kipaza sauti, ila si mbali vya kutosha, akamuuliza mtu pembeni kwa sauti ya chini:

"Hawa watu wana nini?"