Namba Saba Haijapoa

Saa tatu na nusu asubuhi ya Jumatatu, Zabibu alifuta vumbi kwenye kioo cha kompyuta kwa pindo la kanga, akafungua daftari na kuanza kusoma vipima joto kimoja kimoja. Vilikuwa kumi na viwili, vimelazwa sakafuni chini ya magunia ya korosho, na kila kimoja kilikuwa na waya wake uliokimbilia ofisini. Namba moja hadi sita: ishirini na nne na nusu. Namba saba: thelathini na saba kamili. Namba nane hadi kumi na mbili: ishirini na nne na nusu.

Ndivyo ilivyokuwa tangu vipima hivyo viwekwe, miezi miwili nyuma. Ilipotimu saa nne na dakika saba, namba saba ingeruka mara kumi na moja, mruko baada ya mruko, kwa mwendo wa mtu anayetwanga bila haraka. Kisha ingeanza kushuka. Saa kumi na moja jioni ingekuwa sawa na sakafu, na kesho yake asubuhi ingekuwa tena thelathini na saba.

Ghala hilo la Nachilinda, kwenye barabara ya Newala kwenda Masasi, zamani lilikuwa kiwanda. Asiyejua aambiwe, na anayejifanya amesahau akumbushwe. Watu mia nne walibangua korosho pale. Likaja soko huria, kiwanda kikauzwa kwa mwekezaji, na mwekezaji alikinunua ili kinyamaze. Korosho zipande meli na maganda yake, zikabanguliwe India. Mwaka tisini na tisa mashine zilipakiwa kwenye lori kama vyuma chakavu, na wanawake wa kubangua wakakaa chini mbele ya lori. Mbele kabisa alikaa Mwanakombo, dada yake Zabibu, miguu kainyoosha kama mtu anayesukwa nywele.

Walinzi walikuwa na virungu vya mpingo, virefu kama mkono, laini, vizuri. Vilichongwa na Muharami, mume wa Mwanakombo. Aliletewa oda ya michi mifupi thelathini, bila vinu, akaambiwa ni ya kupeleka Ulaya, Wazungu wanatwangia vitunguu saumu. Alifurahi. Aling'arisha kila mmoja kwa nta, akatia alama yake kwenye mshikio, vichale vitatu. Kijiji kizima kilipita kuitazama ile michi na kumpongeza. Hakuna aliyeuliza vinu viko wapi.

Lori lilipita. Mwanakombo hakurudi nyumbani, na wiki hiyohiyo sehemu ya sakafu ikamwagwa zege jipya. Uongozi ulisema amevuka Ruvuma, yuko Msumbiji kwa mwanamume mwingine. Mtu aliyeko Msumbiji hasomewi arobaini, basi miaka minne ilipita hakusomewa. Taarifa ya siku ile ilifungwa kwa maneno mawili: mambo yamepoa.

Zabibu alikubali kazi ya ghala kwa sababu alikuwa na cheti cha kidato cha nne na hapakuwa na kazi nyingine.

Jumatatu hiyo meneja, Bwana Cecil, alisimama nyuma ya kiti cha Zabibu, ambaye kazini wote walimwita Mama Faridi.

"Ijumaa anakuja mkaguzi," alisema. "Akikuta joto hilo ataandika korosho zimevunda. Akiandika hivyo, wewe Mama Faridi utarudi kulima mihogo."

"Magunia tumeyahamisha mara mbili, Bwana Cecil. Joto halihami."

"Basi mashine ina wazimu. Naleta fundi."

Fundi aliitwa Gasper. Alitoka Masasi Jumanne, alfajiri, na mkoba wa koleo, testa na pasi ya kuyeyushia risasi ya kuunga waya. Kompyuta alijifundisha mwenyewe, kwa kufungua zilizokufa.

"Shikamoo, Mama Faridi."

"Marahaba, mwanangu. Za njiani?"

"Chiungutwa tumeshuka tukasukuma gari. Nimelipa nauli ili nisukume."

"Shukuru hukulibeba."

Gasper alikaa mbele ya kompyuta akaeleza kazi yake kwa utaratibu. Kipima joto hakisemi mpaka kiulizwe. Kikijibu themanini na tano, ujue kimekurupuka, hakijapima kitu, kimetoa jibu lililozaliwa nacho. Kikionyesha mia moja ishirini na saba chini ya sifuri, ujue waya umekatika na hakuna mtu upande wa pili.

"Sasa huyu anasema thelathini na saba," alisema. "Hakukurupuka huyu. Na upande wa pili yupo."

Hata hivyo alipima. Alibadilishana namba saba na namba nane. Joto likabaki palepale mahali pake. Alitoa kipima kipya mkobani, akakiweka palepale. Nacho kikasema thelathini na saba. Alikitumbukiza kwenye mtungi wa maji ya kunywa, na baada ya dakika chache maji yakawa vuguvugu kama ya kumwogeshea mgonjwa. Mwisho aliukata waya kwa koleo. Kioo kikaendelea kuonyesha thelathini na saba. Gasper aliandika kwenye daftari lake, "Namba 7 inasoma bila waya," akauunga tena, maana hakupenda kuacha kazi ovyo.

Jumatano saa nne na dakika saba walihesabu miruko pamoja. Kumi na mmoja.

"Chini yake kuna nini, mama?"

Zabibu alimwambia. Alimweleza habari ya lori, ya zege na ya Ruvuma. Alizungumza huku akipanga kalamu mezani.

"Sitaki kesi," alisema. "Kesi ni za wenye mawakili. Nataka wavunje hapo tu, nimtoe dada yangu nimwoshe, nimzike, asomewe. Wewe andika ulichokiona. Karatasi ya fundi wataiamini kuliko mimi."

Gasper aliandika kwa herufi kubwa: VIPIMA VYOTE NI VIZIMA. CHINI YA NAMBA SABA KUNA MTU.

Cecil aliisoma akiwa amesimama, akaikunja mara nne.

"Nilikuita utengeneze mashine, sikukuita utafute watu," alisema. "Huyo mtu wako hufa saa ngapi?"

"Saa nne na dakika saba."

"Kila siku?"

"Hata Jumapili."

"Na hupoa saa ngapi?"

"Saa kumi na moja jioni."

"Si umesema kipima hakisemi mpaka kiulizwe? Basi kiulizwe saa kumi na moja jioni. Asubuhi kisiulizwe."

Gasper alimtazama Zabibu, kisha akatazama viatu vyake. Akabadilisha saa ya kuuliza. Msimtukane haraka, wangapi kati yetu tumewahi kuambiwa tuulize jioni tukaitikia ndiyo mzee? Ila kuna kitufe kimoja cha kuuliza kwa mkono, na hicho hakukiondoa. Alimwonyesha Zabibu kwa kidole, akafunga mkoba.

Zabibu alipita kwa shemeji yake jioni hiyo akamsimulia yote. Muharami alikuwa hajagusa mpingo miaka minne. Alichonga mipini ya majembe tu. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja.

"Kumi na moja?"

"Kumi na moja, shemeji."

"Mpingo ni mzito," alisema Muharami. "Pigo moja lingetosha."

Alhamisi saa nne kamili alifika getini na sururu begani, akawasalimia walinzi, akapita. Walidhani ni kibarua. Aliviringisha magunia ya namba saba pembeni, akasoma anachokijua cha kusomea maiti, akapiga zege. Pigo la kwanza, la pili, la tatu. La nne lilitoa ufa mwembamba, na kwenye ufa likatoka fukuto, kama ukifunua chungu.

Walinzi wanne waliingia. Wa mbele aliinua kirungu, na Muharami akaona vichale vitatu kwenye mshikio.

"Mchi huo nimeuchonga mimi," alisema. "Umeushika vibaya. Utaumia kiganja."

Yule mlinzi akausogeza mkono wake kidogo, akaushika mchi vizuri, akampiga.

Zabibu alikimbilia mlango wa ghala. Mlinzi wa nne aliubana kwa bega upande wa ndani. Zabibu aliupiga kwa ngumi hadi vifundo vikachubuka. Akarudi ofisini akakibonyeza kile kitufe, akakibonyeza tena. Namba saba ilikuwa inaruka kama kawaida yake. Namba nane nayo ilikuwa thelathini na saba, inaruka. Miruko ilipishana, mmoja huku, mmoja kule, kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja. Namba saba ilikoma kwenye kumi na moja. Namba nane ilifika kumi na tisa.

Damu ilioshwa kwa ndoo sita za maji. Zege lilimwagwa mchana huo.

Ijumaa mkaguzi alifika saa kumi na nusu, akanywa soda, na saa kumi na moja akaketi mbele ya kioo. Vipima kumi na viwili vilijibu ishirini na nne na nusu. Alipokuwa akikagua sakafu aliizunguka ile sehemu yenye unyevu asije akachafua viatu, akamsifu Cecil kwa ukarabati. Cheti kilitundikwa ukutani. Kuhusu Muharami, uongozi ulisema amevuka Ruvuma kumfuata mkewe, na waliosikia wakasema hata hivyo alikuwa amechelewa.

Zabibu hakurudi kulima mihogo. Hufika saa moja asubuhi, kabla ya walinzi kumaliza chai yao. Huvua kandambili mlangoni, hukaa kitini, hubonyeza kitufe. Namba saba, thelathini na saba. Namba nane, thelathini na saba.

"Shikamoo, dada."

Hubonyeza tena. Namba saba, thelathini na saba na nusu.

"Shikamoo, shemeji."

Namba nane nayo hupanda nusu.

Huwapa habari za nyumbani: nani kaolewa, mvua imenyesha wapi, mikorosho ya nani imeshikwa na ugonjwa wa ubwiri. Wao humsikiliza, wakiwa bado na joto lao. Ikifika saa nne na dakika tano huwaambia kwaheri, hufunika kioo kwa kanga, na hutoka kwenda kuhesabu magunia upande wa pili wa uwanja, ambako hakusikiki.

Saa kumi na moja jioni kompyuta huuliza, na ghala zima hujibu kwamba limepoa.